Ocean Road na Sewa Haji: hospitali mbili za mji mmoja, moja bado ipo na nyingine limebaki jina

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Naomba tuongelee jengo ambalo karibu kila mtu wa Dar amelipita, na wengi wetu tumewahi kuingia tukiwa na mgonjwa: Hospitali ya Ocean Road. Ukitoka Kivukoni ukashika barabara ya ufukweni, ile iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013, unapita Ikulu, kisha mkono wa kushoto unakutana na jengo jeupe la ghorofa, matao mbele, minara miwili yenye kuba juu. Asiyelijua anaweza kudhani ni kasri la sultani. Ni hospitali ya serikali ya Wajerumani, iliyokamilika mwaka 1897.

Nimeona habari nyingi za jengo hili zinaishia kwenye "jengo zuri la Kijerumani" na picha ya bahari. Uzuri siukatai, na nitauongelea. Lakini mji huu ulikuwa na hospitali mbili wakati huohuo: moja ya Wazungu, hii ya ufukweni, na nyingine ya Waafrika na Wahindi. Ile ya pili ilivunjwa. Ukisimulia ya kwanza bila ya pili, umesimulia nusu. Nitaandika kwa vipande, mwenye nyongeza aongeze.

Tuanze na mahali penyewe. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mji ulikuwa umeanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Lile Boma la Kale pale karibu na bandari ni la wakati wake, 1866 hadi 1867. Majid alifariki 1870 na mipango yake ikalala. Wajerumani wakakuta bandari nzuri yenye mdomo mwembamba, majengo machache ya mawe, minazi mingi, na homa. Homa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza maofisa wao.

Wakati huo madaktari wengi wa Ulaya bado waliamini kwamba malaria inaletwa na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye madimbwi na majani yanayooza. Ronald Ross aliona vimelea ndani ya tumbo la mbu kule Secunderabad, India, mwezi Agosti 1897. Angalieni mwaka. Ocean Road ilikuwa imeshachorwa na kujengwa kwa imani ya zamani. Sasa ukilitazama jengo kwa macho hayo, mengi yanaeleweka: limesogezwa ukingoni mwa bahari, limeelekezwa mashariki, limezungushiwa baraza pana, ili mgonjwa apate upepo safi mchana na usiku na awe mbali na mitaa ya wenyeji. Mbu hawakuwa kwenye hesabu.

Binti Upanga

Shukrani sana mkuu, uzi mzuri. Swali: kuna mahali nilisoma kwamba Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alifanya kazi hapo Ocean Road na ndipo alipopatia Tuzo ya Nobel. Ni kweli?

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Dada, nusu ni kweli. Koch alikuwa Dar es Salaam kati ya 1897 na 1898. Alitokea India alikokuwa akichunguza tauni, na alikuja akiwa tayari ana jina kubwa, maana bakteria wa kifua kikuu alimtangaza tangu 1882. Hapa alishughulika na malaria na magonjwa mengine ya homa. Nobel aliipata 1905, lakini kwa kazi ya kifua kikuu, si kwa ya Dar. Alirudi tena Afrika Mashariki miaka ya 1905 hadi 1907, safari hiyo akifuatilia malale, akafika Amani kule Usambara na visiwa vya Ssese upande wa Uganda.

Kilichobaki Dar kutokana na Koch ni namna yake ya kupambana na malaria. Yeye hakuanza na madimbwi. Alitaka watu watolewe damu, iangaliwe kwa hadubini, na kila aliyekutwa na vimelea apewe kwinini hata kama hajihisi mgonjwa. Kuanzia 1901 njia hiyo ilijaribiwa hapa mjini chini ya daktari Ollwig. Kwa upande wa tiba ilikuwa hatua kubwa. Ila ilikuja na sumu yake: ilipoonekana kwamba watoto wa Kiafrika wanabeba vimelea bila kuumwa sana, hoja ikageuzwa kuwa Mwafrika ndiye hatari kwa jirani yake Mzungu, kwa hiyo asikae karibu. Ubaguzi wa makazi ukapata daktari wa kuutetea. Haikuwa Dar tu, makoloni mengi ya Afrika yalitumia hoja hiyohiyo.

Fundi Chokaa

Hapo kwenye ujenzi nitoe mchango, maana ndiyo kazi yangu. Majengo ya aina hii kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikiliwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Unapanga magogo, ya mikoko mara nyingi, unarundika vipande vya matumbawe juu yake, unawasha, yanawaka usiku kucha. Kikipoa unamwagia maji, kinafura na kupasuka kuwa unga. Kisha unaacha chokaa ilale muda mrefu ndipo uchanganye na mchanga. Fundi wa zamani hakukubali chokaa ya jana.

Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unanyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa kiangazi. Ndiyo maana unakuta ukuta mnene, nje jua kali, ndani baridi.

Tofauti ya nyumba ya mawe ya kwetu ya zamani na ya Mjerumani iko kwenye dari. Sisi tulitumia boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Mjerumani alileta mihimili ya chuma kwa meli. Akapata vyumba vipana, wodi ya vitanda vingi bila nguzo katikati. Lakini chuma pembeni ya bahari ni mgeni asiyedumu. Chumvi inakipata, kinashika kutu, na chuma chenye kutu kinavimba. Kikivimba kinapasua zege na lipu iliyokizunguka. Ukiona jengo la zamani la Dar dari yake inabanduka vipande vipande kwa mistari iliyonyooka, usitafute mchawi, fuata huo mstari utakuta muhimili umeliwa.

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Fundi, Mungu akubariki. Hicho ndicho kitu ambacho vitabu vya picha havisemi.

Naongeza upande wa sura. Kwa nini Mjerumani ajenge hospitali yenye matao na kuba kama za Kiarabu? Angeweza kujenga kama kwao. Na kwa kweli si mbali na hapo kuna Kanisa la Azania Front, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, paa la vigae vyekundu na mnara wa Kijerumani mtupu. Nionavyo mimi kuna sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa: tao pana na baraza iliyofunikwa vinazuia jua kupiga ukuta na vinapitisha upepo, na watu wa pwani walishalijua hilo karne nyingi. Ya pili ni siasa. Kabla ya Wajerumani, aliyetawala pwani hii alikuwa sultani wa Zanzibar. Mtawala mpya alitaka jengo la serikali lionekane na mtu wa pwani kama jengo la mtawala, kwa lugha ambayo macho yake yameizoea.

Waingereza nao walifanya vilevile. Ikulu ya jirani ilipigwa mizinga na meli za Kiingereza Novemba 1914, na mji wenyewe ukaangukia mikononi mwao Septemba 1916. Walipoijenga upya Ikulu, mwaka 1922, mchoro ulitoka kwa J. H. Sinclair, ofisa aliyetumika Zanzibar miaka mingi na aliyechora kule jumba la makumbusho la Beit el-Amani na posta ya Shangani. Kwa hiyo ukipita barabara ile kwa mguu unatazama majengo mawili ya watawala wawili waliopigana vita, na yote mawili yamevaa kanzu ya Unguja.

Waliobeba mawe yale hawakuandikwa popote kwa majina. Majengo ya wakati ule yalisimamishwa na mafundi wa Kihindi na wa pwani pamoja na vibarua Waafrika. Na mwaka 1898, jengo likiwa bado linanukia chokaa, Gavana Liebert alianza kutoza kodi ya nyumba. Mwafrika akalipa kodi kwa serikali ambayo hospitali yake kuu hakuruhusiwa kulazwa.

Mzawa wa Temeke

Mkuu, hapo ndipo nilipotaka kuuliza. Sasa Mwafrika akiugua alikwenda wapi?

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Ndiyo moyo wa uzi huu, ndugu yangu.

Alikwenda hospitali ya Sewa Haji. Sewa Haji Paroo alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851, mtoto wa familia ya Kiismailia ya wafanyabiashara. Utajiri wake ulitokana na misafara ya bara. Bagamoyo ndiyo ilikuwa mlango, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapatia wasafiri wapagazi, vitambaa, shanga, chakula na bunduki. Ukitaka kwenda Tabora au Ujiji, lazima ungepita ofisini kwake au kwa watu kama yeye.

Miaka ya 1890 alianza kutoa mali yake. Bagamoyo alitoa jengo la shule, na alitaka isome watoto wa rangi zote. Dar es Salaam alitoa fedha za hospitali ya watu ambao serikali haikuwajengea: Waafrika na Wahindi. Alifariki 1897, mwaka uleule Ocean Road ilipokamilika.

Tulieni hapo kidogo. Hospitali ya Wazungu, waliokuwa wachache mno mjini, ilijengwa na serikali. Hospitali ya watu wengine wote ilianzia mfukoni mwa mfanyabiashara mmoja Mhindi wa Bagamoyo. Na kwa zaidi ya nusu karne, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, mpangilio ukabaki uleule: Ocean Road kwa Wazungu, Sewa Haji kwa waliobaki.

Binti Upanga

Subhanallah. Miaka yote nakwenda Muhimbili kutazama wagonjwa, naambiwa "yupo Sewahaji", sikuwahi kujiuliza Sewahaji ni nani. Nilijua ni jina la wodi basi.

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Hauko peke yako, dada. Njia ambayo jina hilo lilipitia hadi Muhimbili ni hii.

Waingereza walipanga mji kwa kanda tatu: ya kwanza majengo ya Kizungu, ya pili biashara na makazi ya Wahindi, ya tatu nyumba za Waafrika. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini za wazee wetu. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, ndiyo Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika pale na kufanya mikutano, lakini uwanja ule uliachwa ili kuwatenganisha watu, na moja ya sababu zilizotolewa ni hiyohiyo ya afya, mbu wa Mwafrika wasimfikie jirani.

Sewa Haji ikazidiwa. Mji ulikua haraka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hospitali ya karne ya 19 haikuweza kubeba. Ikajengwa mpya Upanga, ikapewa jina la Princess Margaret, aliyekuja Tanganyika mwaka 1956. Baada ya uhuru ndiyo ikawa Muhimbili. Hospitali ya zamani ya Sewa Haji ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na jina lake likahamia kwenye jengo la wodi. Kwa hiyo wodi ile, pamoja na wodi ya Kibasila, yenye jina la kiongozi wa Kizaramo wa wakati wa Maji Maji, ni kumbukumbu iliyo hai. Wauguzi wanalitaja jina la mzee yule kila siku ya Mungu.

Kusi na Kaskazi

Mama yangu amenizaa Ocean Road. Wazee wengi wa mjini wa rika langu watakwambia hivyohivyo, baada ya uhuru wanawake wetu walikuwa wakijifungulia pale. Bibi yangu alikuwa akisema alipoambiwa binti yake kalazwa Ocean Road hakuamini, akavaa kanga mpya kwenda kumtazama, kwa sababu enzi zake ukikaribia geti lile ulikuwa labda dobi au mpishi. Alipanda ngazi, akakaa kwenye baraza, akatazama bahari mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Jambo hilo alilisimulia hadi anafariki.

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Mkuu Kusi, ahsante sana kwa hilo. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi.

Mzawa wa Temeke

Mimi nitoe mawazo tofauti kwa heshima. Haya majengo yalijengwa kutubagua. Hospitali ile leo inatibu saratani, watu wanatoka mikoani wanasubiri foleni. Kila shilingi ya kukarabati matao ya Mjerumani si ingenunua dawa? Kwa nini tusivunje tukajenga ghorofa kumi za kisasa?

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Swali la haki kabisa, na mgonjwa kwanza, hilo halina mjadala. Lakini nina majibu.

Kwanza, tiba haikusubiri jengo la kale. Huduma ya mionzi ilianza pale mwaka 1980 chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 ikaundwa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya Bunge. Mashine za mionzi haziwezi kuwekwa kwenye chumba cha matumbawe. Zinahitaji chumba chenye kuta za zege nene sana ili mionzi isitoke, na kinajengwa maalumu kwa kazi hiyo. Mashine za kisasa zilizoanza kazi 2018 ziliwekwa kwenye vyumba vya namna hiyo. Kwa maana hiyo jengo la zamani na majengo mapya yanaishi kiwanja kimoja kila moja na kazi yake. Hakuna anayelazimika kuchagua.

Pili, kuvunja hakufuti ubaguzi. Kunafuta ushahidi wake. Tumeshaona Sewa Haji ilivyovunjwa: leo hata mtu aliyelazwa katika wodi yake hajui alikuwa nani. Kati ya hospitali mbili, iliyokuwa ya babu zetu ndiyo iliyopotea. Tukivunja na hii, mjukuu wako utamwonesha nini ukimwambia kwamba kulikuwa na geti ambalo babu yake hakuweza kupita?

Tatu, sheria haitoshi kutulinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo, kama hili la 1897, linahitaji litangazwe rasmi. Ndiyo maana majengo mengi ya katikati ya mji yameondoka mbele ya macho yetu, yakiwemo ya Samora na mitaa ya jirani. Jengo lisilo na watu wa kulisemea halina kinga. Boma la Kale lilipona kwa kuwa wapo waliolisemea, na sasa lina kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam.

Mzawa wa Temeke

Nimekuelewa. Kwenye pili nimekubali. Ila kiwekwe kibao pale kinachosema ukweli wote, si "jengo la Kijerumani" tu.

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Naunga mkono hoja kwa mikono miwili. Kibao Ocean Road kinachotaja nani alitibiwa na nani alikatazwa, na kibao Muhimbili, mlangoni mwa Sewahaji, kinachomtaja mzee wa Bagamoyo na hospitali iliyovunjwa. Gharama yake haifiki bei ya tairi la gari la wagonjwa.

Fundi Chokaa

Na wakikarabati, nawasihi wahusika: wasipige lipu ya saruji. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja ya mawe iliyopigwa saruji nje na ndani ili "iwe imara". Saruji haipitishi unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanakwama ndani ya ukuta, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, matumbawe yanaanza kuwa unga. Kwa nje nyumba ilikuwa inang'aa. Niligonga kwa kiganja ikalia kama debe tupu, nilipobandua, mkono uliingia ukutani mpaka kwenye kifundo. Jengo la chokaa litibiwe kwa chokaa, lipu ya chokaa na rangi ya chokaa. Ile rangi ya mafuta inayong'aa nayo ni adui. Kazi ni ya polepole na mafundi wake wamebaki wachache, wengi wapo Zanzibar kwenye Mji Mkongwe. Vijana wa Dar wapelekwe wakajifunze sasa, wazee hawa wakiwa bado wana nguvu.

Binti Upanga

Naweza kwenda kulitazama? Na picha je, mkuu tupia hata moja.

Mwana wa Ilala (mtoa mada)

Dada, mimi sijaweka picha kwa makusudi. Ikulu ni jirani, upande ule hawataki kamera kabisa, na ndani ya hospitali kuna wagonjwa wanaostahili faragha. Anayetaka kupiga aombe ruhusa ya uongozi kwanza. Kulitazama kwa macho hakuna anayekukataza: pita asubuhi kwa mguu upande wa ufukweni, jua linakuwa linalipiga usoni kwa kuwa limeelekea mashariki, na matao yote unayaona na vivuli vyake.

Picha za Dar ya wakati wa Wajerumani zipo nyingi kwenye hazina ya picha za kikoloni ya maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, zimewekwa mtandaoni, kila mtu anaweza kuzitazama.

Ombi langu kwa wana uzi ni moja. Kama nyumbani kuna picha ya familia iliyopigwa mbele ya hospitali ya zamani ya Sewa Haji, au kadi ya kliniki, au cheti cha kuzaliwa chenye jina hilo, ipigeni picha muiweke hapa, mkifunika majina ya watu. Na wenye wazee waliozaliwa au kufanya kazi pale, waulizeni wiki hii: ilikuwa na vyumba vingapi, baraza ilitazama wapi, chakula kilitoka wapi, mganga mkuu alikuwa nani. Andikeni hata mistari miwili, nitaikusanya yote kwenye bandiko la kwanza.